Picha ya mzunguko kamili katika pango la Kolo

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya wageni wameiharibu kwa kuimwagia maji ili rangi zing'ae kwenye picha. Wewe usimwage hata tone.

Picha ya mzunguko kamili, nyuzi 360 pande zote na 180 toka juu hadi chini, huonyesha ukuta, paa la mwamba na bonde pamoja. Ugumu ni kwamba ukuta uko karibu. Ukigeuka na kamera mkononi, mchoro utakatika pale picha zinapoungana. Tumia stendi. Simamisha kijiti karibu na kingine mbali, katika mstari mmoja, kisha zungusha kamera. Vijiti vikiachana, isogeze kamera nyuma au mbele hadi visiachane tena. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke.

Usibadilishe mwanga kati ya picha, na kila moja ipishane na jirani yake kwa theluthi hivi. Siku ya mawingu inafaa zaidi. Hugin, programu ya bure, itaziunganisha.

Kabla ya kuitoa, waonyeshe wazee: Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko.