KIWAVIJESHI VAMIZI, ADUI WA MIHINDI

1. Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu, yapata meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi. Mvua huanza mwezi wa Novemba, nao watu hupanda mahindi, maharagwe na ulezi. Mahindi ndiyo chakula cha nyumba, tena ndiyo fedha ya nguo na ya madaftari. Basi, mdudu alaye mihindi shambani amekwisha kutia mkono katika chungu cha nyumbani.

2. Wafipa waliwajua wadudu waharibifu tangu zamani. Nyika za Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana nzige wekundu, ambao kati ya mwaka 1930 na 1944 walienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kusini ya ikweta. Nzige huja kama wingu, na kila mtu huwaona. Lakini mwaka 2017 ilijulikana kwamba adui mwingine ameingia Tanzania, naye huja kimya. Asili yake ni Amerika. Katika Afrika alionekana kwanza upande wa magharibi, mwaka 2016. Jina lake ni kiwavijeshi vamizi.

3. Mama yake ni nondo arukaye usiku. Hutaga mayai juu ya majani, mara nyingi 100 hata 200 pamoja, na kuyafunika kwa manyoya. Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Viwavi wadogo hukwangua jani hata libaki kama kioo. Kisha huingia katika moyo wa muhindi, pale majani machanga yanapojikunja, na kula humo wakiwa wamesitirika. Akisha kukua, kiwavi hushuka ardhini, hujifukia karibu na uso wa udongo, na kugeuka ganda la kahawia lisilo na miguu. Humo hutoka nondo mpya. Nchi ikiwa na joto, mambo haya yote huchukua kama mwezi mmoja. Penye baridi hukawia zaidi.

4. Adui huyu ana alama zake. Kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Mavi yake hujaa katika moyo wa muhindi kama unga wa mbao.

5. Je, mkulima afanye nini? Hakuna dawa moja itoshayo. Lazima aunganishe njia nyingi. Kwanza apande mapema, tena pamoja na jirani zake, ili nondo wasipate mihindi michanga siku zote. Achanganye mahindi na maharagwe. Alishe udongo wake, kama Wafipa walivyozoea kuzika nyasi ndani ya vilima viitwavyo ntumba, maana muhindi wenye nguvu hustahimili majeraha. Baada ya mavuno alime shamba, ili maganda yaliyofukiwa yapate kuchomwa na jua na kuliwa na ndege.

6. Kisha apite shambani kila juma. Asimame mahali patano, na kila mahali atazame mihindi 20. Akiona mayai, ayaponde. Akiona kiwavi, amtoe na kumwua. Wakulima wengine hutia mchanga au majivu kidogo katika moyo wa muhindi. Kazi hii haina gharama, nayo hata mtoto aiweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

7. Tena mkulima ana marafiki wasiolipwa mshahara. Siafu hula viwavi, na nyigu wadogo sana hutaga mayai yao ndani ya mayai ya nondo, yakafa. Mtu amwagaye sumu ovyo huwaua hao kwanza. Lakini kiwavi mkubwa aliyejificha ndani hubaki salama. Ndipo mtu hupoteza mahindi, na fedha pia. Kwa hiyo sumu ni ya mwisho: itumiwe viwavi wakiwa wadogo, ikiwa mimea iliyodhurika ni mingi, kwa shauri la bwana shamba. Watoto wasiiguse kabisa, wala chupa yake isitumiwe kwa maji ya kunywa.

8. Nzige hufukuzwa na serikali za nchi nyingi zikishirikiana. Bali kiwavi huyu hushindwa na jicho la mwenye shamba.

MASWALI
1. Kwa nini kiwavijeshi vamizi ni vigumu kuonekana kuliko nzige?
2. Taja alama zake mbili.
3. Kwa nini si vema kumwaga sumu kabla ya kutazama shamba?
4. Tazama mihindi 20 karibu na nyumbani, ukaandike uliyoyaona.