SOMO KWA VIJANA: BARUA YA CHUO

Wanaotamani kusoma Kanada tukumbuke haya:

1. Ombi la kibali cha masomo huambatana na barua ya kukubaliwa, kutoka chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni.

2. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na hati zetu. Herufi ikikosewa, tuombe chuo kirekebishe.

3. Tangu Desemba 1, 2023, Uhamiaji wa Kanada huuliza chuo chenyewe kama barua ni yake. Hati ya uongo yaweza kukufungia mlango miaka 5.

Kabla ya kumlipa dalali yeyote, tuandikie chuo wenyewe. Tena barua si kibali. Tusiuze mali mapema. Tusome Mithali 14:15.

Bwana awabariki.