Wati na Omu: Kikuza Sauti na Spika Zake

Bila shaka umewahi kusikia sauti ya kwaya au ya adhana ikivuka bonde kutoka kijiji cha ng'ambo, kabla hujawaona watu wenyewe. Katika milima ya Upare, ambako nyumba zimetawanyika juu ya miteremko, kikuza sauti ni chombo cha maana sana. Mafundi hukiita amplifaya. Watu huchangishana fedha ili kukinunua, na mara nyingine huungua siku ya sherehe yenyewe, ingawa spika zilizounganishwa nacho zilikuwa mpya na nzima. Katika somo hili utajifunza sababu yake.

Kwanza ikumbuke ndiva. Ndiva ni bwawa ambalo Wapare hulijenga ili kukusanya maji ya kijito wakati wa usiku. Mchana mlango wake hufunguliwa, na maji huteremka kwa mfereji mpaka mashambani. Mojawapo ni ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, Wilaya ya Same. Volti ni kama kimo cha maji: kimo kikizidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Ampea ni kama wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Ukinzani, ambao hupimwa kwa omu, ni kama wembamba wa mlango: mlango ukiwa mwembamba, maji machache hupita. Kanuni hii ya umeme ilielezwa mwaka 1827 na Mjerumani Georg Simon Ohm, na kipimo cha omu kimepewa jina lake.

Jaribio. Tafuta spika kuukuu na betri moja ya tochi ya volti 1.5. Gusisha nyaya mbili za spika kwenye ncha za betri kwa kitambo kidogo tu. Unasikia nini? Karatasi ya spika imekwenda upande gani? Sasa zigeuze nyaya, ugusishe tena. Utaona kwamba karatasi inakwenda upande wa pili. Nyuma ya karatasi hiyo kuna koili ya waya mwembamba karibu na sumaku. Kikuza sauti hugeuza mwelekeo wa mkondo mara nyingi kila sekunde. Karatasi hutikisika, hewa nayo hutikisika, nawe husikia sauti. Usiiache betri imeunganishwa, maana koili itapata joto. Wala usijaribu kamwe jambo hili kwa umeme wa ukutani, ambao una volti 230 na unaweza kuua.

Soma maandishi nyuma ya spika. Huenda imeandikwa "omu 8". Mwalimu akiwa na mita, mwombe aipime. Huenda mita ikaonyesha omu 6 hivi. Spika si mbovu. Mita hutumia mkondo wa upande mmoja, lakini mkondo wa sauti hugeukageuka, na koili huukinza mkondo wa namna hiyo zaidi. Ukinzani huo wa jumla mafundi huuita impidansi. Nao haukai mahali pamoja, bali hubadilika kwa sauti nene na sauti nyembamba. Kwa hiyo namba iliyoandikwa ni ya kukadiria.

Sasa tupige hesabu. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Chukua kikuza sauti kilichoandikwa "wati 16, omu 4". Kikitoa volti 8, spika ya omu 4 hupitisha ampea 2, na 8 mara 2 ni wati 16. Ukiweka spika ya omu 8, itapitisha ampea 1 tu. Utapata wati 8. Usisikitike sana, kwa sababu sikio halihesabu kama sisi. Ili sauti isikike kubwa mara mbili, huhitajika wati zipatazo mara kumi.

Hatari iko upande wa pili. Mtu huunganisha spika mbili za omu 4 sambamba, akidhani anakisaidia kikuza sauti. Amefungua milango miwili ya ndiva kwa pamoja! Ukinzani sasa ni omu 2. Kwa volti zile zile 8, mkondo unaotakiwa ni ampea 4, yaani wati 32. Chombo hakikuundwa kwa kazi hiyo. Hupata joto, fyuzi hukatika, au kikuza sauti chenyewe huungua.

Usidanganywe na namba kubwa juu ya kasha. Kikuza sauti cha betri ya volti 12 kikiandikwa "wati 400", itazame fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 5, chombo hakiwezi kuchukua zaidi ya wati 60 kwa muda mrefu. Hakiwezi kutoa kisichopokea.

Waya nao una ukinzani. Ukiweka spika ya omu 4 juu ya kilima, mita 100 kutoka kwenye kikuza sauti, kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, mkondo utapita mita 200, kwenda na kurudi. Ukinzani wa waya huo ni kama omu 3.4. Karibu nusu ya wati zitapotea njiani zikipasha waya joto. Tumia waya mnene, au kisogeze kikuza sauti karibu na spika.

Zoezi. Kwaya ina kikuza sauti cha "wati 16, omu 4", na spika nne za omu 4 kila moja. Wanataka kuzitumia zote. Unganisha mbili kwa mfuatano, na mbili nyingine vivyo hivyo, kisha uunganishe jozi hizo sambamba. Ukinzani wote ni omu ngapi? Kila spika itapata wati ngapi? Chora mchoro wa nyaya katika daftari lako kabla ya kuwajibu.