Darasa la Zoom, bando la shilingi hamsini

SWALI (2020): Tangu vyuo vya Kenya vifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, niko kijijini kwa wazazi. Masomo ni ya Zoom, bando linaisha kabla ya kipindi, na mama ananiona nimeshika simu tu, ananituma kisimani. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Siaya

JIBU: Pole sana, mwanangu. Shida yako si uvivu.

Anza na bando. Saa moja ya Zoom yenye video inaweza kumaliza karibu gigabaiti nzima, na kuzima kamera yako hupunguza sehemu tu, kwani picha za wenzako bado zinaingia. Kwa hiyo, kupitia mwakilishi wa darasa, mwombeni mhadhiri arekodi sauti peke yake, aitume WhatsApp pamoja na maelezo ya PDF. Hayo ni megabaiti chache, na unaweza kuyarudia mtandao ukikatika. Ombeni kwa maandishi, mkiwa kundi; naamini wahadhiri wengi hawajui hali ilivyo huko.

Kuhusu mama, mwandikie ratiba ya vipindi, uibandike ukutani. Kisha fanya kazi za nyumbani kwa moyo, alfajiri, kabla ya kipindi cha kwanza. Kafyu ya korona ikianza saa moja jioni wote mko ndani, kwa hiyo jioni mweleze ulichosoma.

Mtihani usipowezekana kwa mtandao wenu, andikia idara mapema kuomba kuahirisha, nawe utunze nakala ya barua.