Usalama wa vyuo: dalili ya mvua ni mawingu

Wanafunzi wa afya wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wale wa KMTC, walio katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ni wateja wa kila siku wa Soko la Kenyatta. Husuka nywele hapa na kula nyama choma hapa. Kwa hivyo msusi, mchomaji nyama au mwenye nyumba za kupangisha anaweza kusikia kitisho kabla hakijafika kwa wasimamizi wa chuo. Afanyeje?

Mafunzo ya 2015

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, na wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Tarehe 30 Novemba, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Madaraka, lilizua hofu kama hiyo, na mfanyakazi mmoja akafariki.

Funzo ni kwamba shambulio huua, na taharuki pia huua. Tunahitaji taarifa za mapema, lakini ziwe za kweli.

Kupima kitisho

Si kila anayetisha atatenda, na anayepanga kutenda huenda asitishe mtu hadharani. Tazama mwenendo, si kabila, dini wala mavazi. Je, mtu huyo:

- ametaja mtu, mahali au siku?
- anatafuta silaha?
- anamvizia mpenzi aliyemwacha, au kuulizia ratiba yake?
- anagawa vitu vyake, anaaga watu, au anasema hana cha kupoteza?

Dalili moja haimtii mtu hatiani. Zikikusanyika, usingoje.

Hatua za kuchukua

1. Andika ulichosikia, saa na mahali, bila kutia chumvi. Usifute jumbe za simu.
2. Hatari ikiwa ya papo hapo, piga 999 au 112. Kwa dhuluma za kijinsia, piga 1195 bila malipo.
3. Kama si ya dharura, ripoti kwa ofisi ya maslahi ya wanafunzi, kituo cha polisi au chifu.
4. Usisambaze uvumi kwenye WhatsApp, wala usimwitie mtu umati.

Navyo vyuo vinapofanya mazoezi ya usalama, viwajulishe mapema wanafunzi, wafanyakazi na majirani.

Kuripoti si kumchongea mtoto wa mwenzio. Aliyelengwa atalindwa, na aliyelemewa na mawazo huenda akapata ushauri nasaha kabla hajamdhuru mtu au kujidhuru mwenyewe.