Nani Agharimie Tiba za Kibingwa?

Tiba za kibingwa ni zile zinazohitajiwa na watu wachache, kwa gharama kubwa, na kutolewa na wataalamu wasio wengi. Swali linaloikabili kila serikali ni hili: je, fedha za tiba hizo ziwekwe wilayani au katika fungu moja la taifa?

Hesabu husaidia kulijibu. Na ichukuliwe wilaya yenye wakazi 200,000, na ugonjwa unaompata kila mwaka mtu 1 katika 100,000. Kwa wastani wilaya hiyo itakuwa na wagonjwa 2 kwa mwaka. Lakini mwaka mmoja huenda isipate hata mmoja, na mwaka mwingine ikapata 5. Hapo italazimika ama kuwanyima tiba watu 3, ama kuchota fedha za chanjo na za wajawazito. Wilaya 50 za namna hiyo zikiunganisha mafungu yao, wastani utakuwa wagonjwa 100, na kwa kawaida idadi itapanda au kushuka kwa 10 hivi tu. Ajali ambayo ingeiangusha wilaya moja huwa mzigo mwepesi kwa zote.

Nchini England, sheria ya mwaka 2012 iliweka vipimo vinne vya huduma za namna hii: idadi ya wagonjwa, gharama, idadi ya wanaoweza kuitoa huduma, na mzigo ambao ungeviangukia vyombo vya mitaa. Kuanzia Aprili 2013 huduma hizo zilinunuliwa na chombo kimoja cha taifa.

Hata hivyo, fungu moja lina kasoro yake. Shinikizo la damu na kisukari, visipodhibitiwa, huharibu figo. Mtaa ukizembea kinga, gharama ya kusafisha damu hulipwa na taifa. Ukijitahidi, akiba haiurudii. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya England, tangu Aprili 2024, kuanza kukabidhi baadhi ya huduma hizo kwa bodi za maeneo, ambazo pia hugharimia tiba za kawaida.

Somo hili linaihusu Tanzania pia. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, tiba ambayo wagonjwa walikuwa wakiifuata India. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini figo nyingi huokolewa au hupotea mapema zaidi, katika zahanati, pale kipimo cha shinikizo la damu kinapokuwapo au kukosekana. Fedha za ubingwa hazina budi kukusanywa pamoja. Hesabu yake haina budi kuanzia zahanatini.