Kabla Hujatoa Hela ya Laptopu Mtumba, Iulize Prosesa Yenyewe

Ukisimama kwenye duka la kompyuta mtumba siku hizi, iwe karibu na stendi ya Korogwe au Chanika pale Handeni, utasikia wateja wakiuliza jambo ambalo zamani lilikuwa la mafundi tu: hii ni kizazi cha ngapi? Wana haki ya kuuliza. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inapokea rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache za kizazi cha 7. Mpaka huo umegawa bei. Laptopu ya kizazi cha 7 inaweza kufanana na ya kizazi cha 8 gamba, kioo na kibodi, lakini moja inagombewa na nyingine inalala dukani. Na penye tofauti ya bei, stika mpya hazikosekani.

Kukagua mashine hizi ndiyo kazi yangu: za shule, za ofisi ndogo, za vijana wanaokwenda chuo. Nitaeleza ninavyofanya, maana mtu yeyote mwenye flashi na uvumilivu kidogo anaweza.

Skrini ya Windows ninaitazama, ila siikubali kama ushahidi. Kerneli ya Windows inapowaka huandika jina la prosesa kwenye rejistri, chini ya HARDWARE\DESCRIPTION\System\CentralProcessor, na programu nyingi zinasoma hapohapo. Mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kubadilisha maandishi hayo kwa sekunde chache. Mashine ikizimwa na kuwashwa, jina la kweli linarudi. Ndiyo maana wajanja huacha skripti ndogo inayoandika uongo upya kila inapowaka. Niliwahi kuletewa moja ya aina hiyo kutoka Mkata. Skrini ilisema i7, stika ilisema i7, ndani kulikuwa na i5. Aliyeileta hakuwa na hila yoyote, naye aliuziwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo natembea na flashi yenye Ubuntu au Linux Mint. Lenovo na Dell nyingi unabonyeza F12 wakati wa kuwaka, HP unabonyeza Esc kisha F9. Chagua kujaribu bila kusakinisha, diski ya muuzaji haitaguswa. Mfumo ukishafunguka, ingia kwenye terminali uandike:

lscpu

Majibu ya hapa yanatoka kwa prosesa yenyewe. Prosesa za Intel na AMD zina amri iitwayo CPUID. Kerneli ikiitoa, chipu inajieleza: mtengenezaji, familia, modeli, toleo. Usisimame kwenye jina. Kwenye AMD hata jina linalotolewa na CPUID huwa limejazwa na BIOS wakati wa kuwaka. Tazama mistari ya Model na Stepping. Mfano unaonisaidia kila wiki ni huu: i5-7300U ya kizazi cha 7 na i5-8350U ya kizazi cha 8 zote zina modeli namba 142. Kinachozitenganisha ni stepping, 9 kwa ile ya 7 na 10 kwa ile ya 8, pamoja na idadi ya viini: 2 na nyuzi 4 kwa ya kwanza, 4 na nyuzi 8 kwa ya pili. Ya kizazi cha 6, i5-6300U, inakuja na modeli 78. Ya kizazi cha 4, i5-4300U, modeli 69. Namba hizi ziandike kwenye daftari la dukani, zitakusaidia kuliko stika zote.

Ukiishia hapo umeshajua prosesa. Mimi siishii hapo, kwa sababu nataka pia kujua bodi inasemaje:

sudo dmidecode -t 4

Sasa huiulizi tena prosesa. Unasoma majedwali ambayo programu dhibiti ya bodi, ile tunayoizoea kwa jina la BIOS, imeyaandaa kwenye kumbukumbu kabla mfumo haujaanza. Kanuni zake zinaitwa SMBIOS na zinasimamiwa na shirika la DMTF. Kila aina ya kifaa ina namba yake: 0 ni BIOS, 1 ni mashine nzima, 17 ni RAM, 4 ni prosesa. Kwenye mashine za zamani kerneli inayatafuta kwa kupekua eneo la kumbukumbu kati ya F0000 na FFFFF, ikiruka baiti 16 kila hatua, hadi ikutane na herufi _SM_ au, kwa toleo la 3, _SM3_. Kisha inajumlisha baiti za kichwa cha jedwali. Jumla isipoangukia sifuri inalitupa. Kwenye mashine za UEFI haihangaiki hivyo, inaelekezwa moja kwa moja yalipo. Linux ikishayapata inayaweka wazi kwenye /sys/firmware/dmi/tables, na dmidecode kazi yake ni kuyatafsiri.

Matokeo ni marefu. Haya ndiyo ninayoyatafuta, mfano kutoka kwenye mashine yenye i5-7300U:

ID: E9 06 08 00 FF FB EB BF
Signature: Type 0, Family 6, Model 142, Stepping 9
Core Count: 2
Thread Count: 4

Mstari wa ID ndio mtamu. Chukua baiti nne za mwanzo uzisome kinyumenyume: 00 08 06 E9. Hiyo ndiyo sahihi ya CPUID, 806E9. Ingekuwa i5-8350U ungeona EA mwanzoni, yaani 806EA. Ya i5-6300U ni 406E3. Ukizizoea huna haja hata ya kusoma mstari wa pili.

Tofauti ya lscpu na dmidecode ni sawa na namba iliyopigwa kwenye injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Zikilingana, endelea na betri na kioo. Zisipolingana, pana historia, na historia hiyo si lazima iwe wizi. Bodi huenda ilibadilishwa. BIOS huenda iliandikwa upya na fundi aliyechukua faili la mashine nyingine. Ndiyo maana nasoma na aina ya 1 kwa sudo dmidecode -t 1, nikilinganisha namba ya mfululizo na ile iliyo chini ya gamba. Ukikuta To Be Filled By O.E.M. mahali pa namba, ujue aliyepaswa kujaza hakujaza. Kwenye kompyuta za mezani zilizounganishwa mtaani ni kawaida kabisa. Kwenye laptopu ya ofisi yenye jina kubwa, uliza maswali.

Kuna mstari mmoja unaowaponza wengi, wauzaji kwa wanunuzi: Max Speed. Mtu anaona 4000 MHz anashangilia. Kwa mujibu wa kanuni za SMBIOS namba hiyo inaeleza uwezo wa mashine kwa soketi ile, si uwezo wa prosesa iliyochomekwa. Current Speed nayo ni kasi wakati mashine inawaka. Zote mbili naziruka bila majuto.

Mstari ninaoupenda, ingawa hauzungumzwi sana, ni Upgrade. Ukiandika Socket BGA1356 au BGA1168, prosesa imechomelewa kwenye bodi. Hapo muuzaji akikwambia, "Kaka, hii tuliibadilisha prosesa, tukaweka kubwa," unaweza kutabasamu tu. Anayebadilisha prosesa ya BGA anahitaji mashine ya hewa moto na mkono wa kweli. Aliye rahisi kumpata ni anayebadilisha stika. Kwenye laptopu za kizazi cha 2 na cha 3 zenye soketi rPGA988B, dai lile linaweza kuwa kweli kabisa.

Majedwali ya namna ya pili ni ya ACPI, mfumo ulioanzishwa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Yapo kwenye /sys/firmware/acpi/tables. Lile la MADT, ambalo faili lake linaitwa APIC, ndilo linaloiambia kerneli kuna vichakataji vingapi vya kuamsha. Usiogope ukiona kerneli inataja nafasi 8 wakati prosesa ina nyuzi 4. Watengenezaji wengi huandika MADT moja kwa ajili ya bodi yao yote, wakaacha nafasi za prosesa kubwa zaidi zikiwa zimezimwa. Amri hii inaonyesha kerneli ilichoamua:

sudo dmesg | grep smpboot

Faida ya kusoma vyanzo vyote niliiona kwenye maabara ya shule moja ya sekondari Handeni. Kompyuta ya mezani yenye i5-2400 ilikuwa nzito kupita wenzake wa aina ileile, na mwalimu wa kompyuta alishaiwekea alama ya kutupwa. lscpu ilionyesha viini 2, na i5-2400 ina 4. Jedwali la SMBIOS likamaliza ubishi: Core Count: 4, na chini yake Core Enabled: 2. "Mwalimu, hii haijazeeka, imefungwa nusu." Tuliingia kwenye mipangilio ya BIOS, tukarudisha viini vyote, basi. Nani alivifunga na kwa nini, hakuna aliyejua.

Njia hizi hazifanyi kazi kwenye vishikwambi. Walimu wengi wana vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na huniuliza kama dmidecode itasaidia. Haitasaidia. Vifaa vya Android vyenye chipu za ARM kwa kawaida havina SMBIOS wala CPUID. Kerneli hupewa maelezo yaliyoandikwa tayari, yaitwayo device tree, na ukiwa na ruhusa unasoma /proc/device-tree/model. Prosesa nayo ina rejista yake ya utambulisho, MIDR, ambayo Linux huionyesha kwenye /proc/cpuinfo. Unganisha kishikwambi na kompyuta kwa waya, washa ruhusa ya wasanidi, kisha:

adb shell cat /proc/cpuinfo

CPU implementer 0x41 ni ARM wenyewe. CPU part 0xd03 ni Cortex-A53, 0xd08 ni Cortex-A72, ambayo ndiyo utaikuta pia kwenye Raspberry Pi 4. Seva za ARM zina jedwali la ACPI liitwalo PPTT, lililoingia na toleo la 6.2 mwaka 2017, linaloeleza viini vimepangwaje na vinashirikiana kashe ipi. Korogwe sijaletewa seva ya aina hiyo, kwa hiyo nalipita.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Betri za mtumba nyingi zimekufa, umeme nao unakatika ukiwa katikati ya kusoma. Usianze kunakili kwa kalamu. Fungua terminali ndani ya folda ya flashi ya pili, uhifadhi majedwali yote humo kwa mkupuo mmoja:

sudo dmidecode --dump-bin mashine.bin
lscpu > prosesa.txt

Nyumbani unayafungua kwa dmidecode --from-dump mashine.bin kwenye kompyuta yoyote ya Linux, bila ile mashine kuwepo. Kwa mtu anayekagua mzigo Handeni na karakana iko Korogwe, hilo linamwepusha kurudi kilomita 65 kwa sababu ya namba moja. Faili hilo lina namba za mfululizo na UUID ya mashine, kwa hiyo usilirushe kwenye kundi la WhatsApp ukiomba ushauri. Tuma ID na Signature za aina ya 4 tu, zinatosha kwa fundi anayejua.